Mtoto Haji Shuleni Mikono Mitupu

Leo naomba tuzungumze, wewe na mimi, habari ya watoto wetu wadogo: wale wa darasa la awali, ambao sisi wazee tumezoea kuwaita watoto wa vidudu. Nazungumza hasa na wewe baba au mama, bibi au babu wa kijijini, unayemwosha mtoto uso asubuhi, unamfunga vifungo vya shati na kumwambia, "Haya, nenda shule." Unamtazama akienda, kisha unashika jembe lako. Lakini je, umepata kujiuliza anakutana na nini akifika kule mlangoni?

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Chiwata, wilaya ya Masasi. Asiyepajua kwetu na ajue kwamba tupo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na Ndanda iko chini yetu. Ni nchi ya mikorosho na mihogo, tena ni nchi ambayo tangu zamani maji yake ni ya taabu. Mama zetu walishuka bondeni na kupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Watu wetu ni Wamakonde, Wamakua na Wayao. Tumechanganyika, tumeoana, tumezikana. Sokoni na kanisani twatumia Kiswahili. Lakini jikoni, jioni, mama anapombembeleza mtoto wake, mara nyingi lugha si Kiswahili. Ni ile ya bibi yake.

Miaka michache iliyopita niliombwa kwenda kukaa siku moja moja katika darasa la awali la shule moja ya huku kwetu, nimsaidie mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa binti mpole, mwenye bidii, aliyeletwa na kazi kutoka mkoa wa mbali. Katika darasa lake alikuwamo mtoto wa kike wa miaka mitano, aliyelelewa na bibi yake. Shule ilikuwa imefunguliwa wiki ya sita sasa, na mtoto yule hajasema neno. Wenzake walianza kumwita bubu. Mwalimu akaniambia kwa huruma, "Mwalimu, nadhani huyu hasikii vizuri, au pengine akili yake ni nzito."

Siku ile jua lilikuwa kali. Karibu saa tano mtoto yule akamvuta mwalimu nguo, akasema kwa sauti ndogo sana, "Medi." Mwalimu akafurahi, maana ndilo neno la kwanza kulisikia kinywani mwake. Akamwinamia, akamwuliza, "Medi ndiye nani? Ni rafiki yako? Amekaa wapi Medi?" Mtoto akarudia, "Medi." Kisha akanyamaza, akarudi mkekani, machozi yakamtoka.

Kama wewe ni Mmakonde, msomaji, umekwisha elewa. Medi ni maji. Mtoto alikuwa na kiu.

Mama mmoja aliyekuwa akipika uji nje alimsikia kupitia dirishani. Akaingia na kikombe cha maji, akamwambia maneno mawili matatu kwa Kimakonde. Basi yule bubu akafungua kinywa chake, akaeleza habari ya kiu, na habari ya kuku wa bibi yake, na habari ya njia ya kuja shuleni, hata mama mpika uji akashindwa kuondoka. Mwalimu akabaki amesimama, mkono kinywani. Akaniambia, "Kumbe anajua kusema!"

Naam, anajua kusema. Tena anajua mengi. Mtoto wa miaka mitano wa kijijini anajua majina ya miti na ndege ambayo mimi nimeanza kuyasahau. Anajua kuhesabu korosho zilizoanguka chini ya mkorosho. Anajua kusalimu wakubwa kwa adabu, anajua hadithi ya sungura, anajua kubishana na ndugu yake na kumshinda. Yote hayo ameyaweka katika lugha moja, kama mama anavyofunga vitu vyake katika kanga. Akifika mlangoni mwa shule tunamwambia, "Hiyo kanga iache nje." Halafu tunashangaa kwamba ameingia mikono mitupu.

Sisemi hayo ili nimlaumu binti yule. Hakuwa na kosa; hakuna aliyemfundisha neno moja la Kimakonde kabla ya kuletwa kwetu. Wa kulaumiwa ni mimi, na sababu yake nitakueleza.

Katika miaka ya 1970, nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Ulikuwa wakati wa juhudi kubwa. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na sisi walimu tulijiona kama askari wa taifa jipya. Tulikuwa na kibao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema kikabila alivikwa kibao kile shingoni, naye alikivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa vile vile, ndipo ampe. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Tuliona ni jambo zuri. Watoto walipelelezana, nasi tulisema wanajifunza.

Siku moja nilimvika kibao mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa ameniambia jambo kwa Kimakonde katikati ya somo, akishika tumbo. Mimi Kimakonde nakijua. Nimekinyonya pamoja na maziwa. Nilimwelewa vizuri. Lakini nilijifanya sikusikia, nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili." Hakuweza. Nikamvika kibao. Kabla ya somo kwisha alijichafua pale pale alipokaa, na darasa zima likacheka. Hakurudi shuleni kesho yake, wala wiki iliyofuata, wala tena.

Miaka mingi ikapita. Msimu mmoja wa korosho nilikuwa kwenye ghala la chama cha ushirika, nikisubiri zamu yangu. Mtu mzima mmoja akanijia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika. Akanionyesha stakabadhi yake, akaniomba nimsomee kilo zilizoandikwa. Nikamsomea. Kisha akatia dole gumba lake kwenye wino, akaweka alama penye nafasi ya sahihi. Alipoinua uso ndipo nikamtambua. Alikuwa yule mtoto.

Tangu siku ile sikupata raha juu ya jambo hili, nikaanza kulifikiri upya tangu mwanzo.

Kwanza nilikumbuka utoto wangu. Wewe uliyezaliwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano hukuyaona haya, lakini sisi tuliotumikia misa tungali wadogo tunayakumbuka. Tuliitikia misa kwa Kilatini. Tuliyajua maneno yote kwa moyo, tukayasema haraka haraka, wala hatukujua moja lake. Tarehe 4 Desemba 1963 Mababa wa Mtaguso walipitisha Hati juu ya Liturujia, ikafunguliwa njia ya kusali misa katika lugha za watu. Nakumbuka Jumapili za kwanza za Kiswahili. Bibi mmoja jirani yetu alitoka kanisani akasema, "Kumbe Padre alikuwa akituombea sisi!" Alikuwa amesali misa zaidi ya miaka 30.

Kanisa halikukitupa Kilatini kwa kuwa ni kibaya. Lilitaka watu waelewe. Hata siku ile ya Pentekoste, tukumbuke, Roho Mtakatifu hakuwafundisha makutano wote Kigalilaya kwanza ndipo wasikie Habari Njema. Kila mtu alisikia katika lugha aliyozaliwa nayo. Ikiwa Mungu mwenyewe hakuona aibu kuanzia pale mtu alipo, mwalimu ni nani hata akatae?

Pili nilikumbuka habari za kale za nchi yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza ya Unguja alikuja Masasi kwa miguu kutoka Lindi, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mtu huyu alikipenda Kiswahili. Mwaka 1870 alikwisha kutoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo. Lakini mwaka 1871 alitoa kitabu cha maneno ya Kiyao, na mwaka ule ule wa 1876 alitoa cha Kimakonde. Mwaka 1879 mwenzake, Chauncy Maples, akatoa cha Kimakua. Ndugu zetu hao wa Anglikana hawakuona vita kati ya Kiswahili na lugha za nyumbani. Walitumia zote, kila moja kwa kazi yake. Basi sisi wenyeji vita hiyo tuliitoa wapi?

Labda utaniuliza, "Mwalimu, mtoto atajifunzaje kusoma kwa lugha mbili? Hatachanganyikiwa?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi, nami nitalijibu kama mtu aliyefundisha kusoma na kuandika miaka mingi.

Kusoma hakuanzii machoni, kunaanzia masikioni. Kabla mtoto hajaijua herufi, yampasa asikie kwamba neno lina vipande. Mwambie apige makofi: me-di, makofi mawili. Sasa mwandikie "me" mchangani. Mwambie, huyu ndiye "me" wa medi. Kesho mwonyeshe meza, mwambie apige makofi: me-za. Atakuambia mwenyewe kwamba "me" ni yule yule wa jana. Umeona, msomaji? Amejifunza silabi kwa Kimakonde, naye ameitumia kwa Kiswahili. Hakujifunza kusoma mara mbili. Mtu hujifunza kusoma mara moja tu. Akishajua kwamba alama ile ni sauti, ujuzi huo anakwenda nao katika kila lugha. Lakini ukimwanzisha kwa neno asilolijua, unampa kazi mbili kwa wakati mmoja: kuitafuta sauti na kuitafuta maana. Wengi huishia kuimba tu ma-me-mi-mo-mu kama sisi na Kilatini chetu.

Tena Mungu ametupa bahati. Lugha zetu ni ndugu. Zinaandikwa kwa herufi zile zile. Mungu kwa Kimakonde ni Nnungu, kwa Kiyao ni Mulungu, kwa Kimakua ni Muluku. Neno mwana linafahamika katika zote tatu, na katika Kiswahili pia. Mtoto wetu anayekwenda kwenye Kiswahili haendi nchi ya mbali. Anakwenda kwa shangazi yake. Anachohitaji ni mtu wa kumshika mkono njiani.

Hata makosa ya watoto, mwalimu anayejua lugha za nyumbani huyaelewa. Kimakua hakina sauti za b, d na g kama Kiswahili. Basi mtoto wa Kimakua akitaka kusema baba, atasema "papa", naye ataandika vivyo hivyo. Kimakonde na Kiyao havina r. Mtoto atasema "balua" badala ya barua. Walimu wengi huwachapa watoto hao au huwacheka. Mimi niliwacheka. Lakini mtoto huyo si mjinga. Ameandika sawasawa kile sikio lake lilichosikia. Mwekee maneno mawili pamoja, mwambie asikilize tofauti, rudia kesho na kesho kutwa kama mchezo. Atashika. Akichekwa atafunga kinywa, na kinywa kilichofungwa hakifundishiki.

Wala haya si mawazo ya mzee mmoja wa Chiwata. Mwaka 1953 Shirika la Elimu la Umoja wa Mataifa, UNESCO, lilitoa taarifa likisema kwamba lugha iliyo bora ya kumwanzishia mtoto masomo ni lugha ya mama yake. Uganda tangu mwaka 2007 wameweka mtaala ambao watoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya mahali pao. Tena tazama karibu zaidi, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa ndugu zetu wa Msumbiji. Katika mtaala wao wa mwaka 2004 walifungua njia ya shule za lugha mbili: mtoto huanza kusoma kwa lugha ya nyumbani huku akijifunza kusema Kireno, kisha huvushwa kidogo kidogo aingie katika Kireno. Kati ya lugha zilizochaguliwa zimo Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Hizo hizo zetu tatu! Si shule zote zinazofanya hivyo, na vita iliyoanza huko Cabo Delgado mwaka 2017 imevuruga masomo ya watoto wengi. Lakini jambo lenyewe limewezekana: Kimakonde kimeingia darasani, na mbingu hazikuanguka.

Sasa najua yupo msomaji anayekunja uso na kusema, "Mzee huyu anataka kuturudisha kwenye ukabila." Sivyo, ndugu yangu. Kiswahili ni tunu. Kwa Kiswahili Mmakonde anaketi na Mnyakyusa na Mhaya wasichinjane. Sheria ya shule zetu ni kwamba masomo ni kwa Kiswahili, nami siipingi. Nimeitumikia maisha yangu yote. Tena nataka mtoto wa Chiwata akijue Kiswahili kizuri, si Kiswahili cha kubahatisha. Ninachosema ni njia ya kufikia huko.

Mfikirie Mwalimu Nyerere, Mtumishi wa Mungu. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, lugha ya nyumbani kwao ni Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kijana wa miaka 12, na Kiswahili alikuja kukijua shuleni. Kizanaki chake hakikumzuia kitu. Mtu huyo ndiye aliyetafsiri michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nao jirani zetu wa Lupaso wanaweza kukusimulia habari za Benjamin Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938, mtoto wa Kimakua na Mkatoliki, akasoma Ndanda, akawa Rais wetu toka mwaka 1995 hata 2005. Mtu mwenye lugha mbili hakupungukiwa. Ana madirisha mawili katika nyumba yake.

Wapo na wazazi wengine, hasa waliopata fedha kidogo, wanaofanya kinyume kabisa. Wanamwambia mtoto maneno ya Kiingereza nyumbani ambayo wao wenyewe hawayajui vizuri, na wanamkataza Kimakonde, na Kiswahili kidogo tu. Kusudi lao ni jema. Lakini mtoto hupata lugha tatu nusu nusu, wala hana moja ya kufikiria kwayo. Mpe kwanza ile unayoijua wewe kwa ukamilifu, yenye methali zako na mizaha yako. Hizo nyingine atazijenga juu yake.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo machache ambayo hayataki fedha. Tangu Januari 2016 Serikali imeondoa ada kuanzia darasa la awali; hilo ni jambo kubwa, tushukuru. Lakini kuna sehemu ambayo Serikali haiwezi kuifanya, nayo imo nyumbani mwako.

Wewe mama, sema na mtoto wako. Unapopukuchua mahindi, unapomenya muhogo, mweleze unachofanya, naye akueleze. Usimwambie "nyamaza" kila mara. Mtoto aliyezoea kuulizwa na kujibu nyumbani, hata shuleni atajibu.

Wewe bibi, usione haya kwa kuwa hukusoma. Hadithi zako ndizo kitabu cha kwanza cha mjukuu wako. Anayesikiliza hadithi hujifunza kungoja, kukumbuka, kubahatisha kitakachofuata. Na hayo ndiyo yanayofanya msomaji. Mtegee vitendawili kwa lugha yako. Kama kuna kitabu cha shule chenye picha, shika picha, simulia kwa Kimakonde au Kiyao, naye mtoto akusomee maneno ya Kiswahili. Hapo mtakuwa mmefundishana.

Wewe baba, mtoto akija na daftari, litazame hata kama hujui kusoma. Mwulize, "Hii ni nini?" Neno lile la Kiswahili alilojifunza leo, mwambie linaitwaje nyumbani, na neno la nyumbani, mwulize Mwalimu analiitaje. Maneno mawili kwa siku, basi. Kwa mwaka ni mengi.

Nawe mwalimu mpenzi uliyeletwa kwetu kutoka mbali, karibu sana. Hatukudai ujue Kimakonde chote. Jifunze salamu, na maneno kumi ya haja: maji, njaa, choo, tumbo linauma, nyumbani, mama, njoo, usiogope, vizuri, asante. Maneno kumi hayo yatamwokoa mtoto na aibu ambayo huenda ataibeba maisha yake yote. Mruhusu akujibu kwa lugha yake, kisha wewe umrudishie jibu lile lile kwa Kiswahili, polepole, bila kumwaibisha. Waombe mama wa kijiji waje kukusaidia. Wapo, tena watafurahi.

Nasi wa Jumuiya Ndogo Ndogo tuna kazi pia. Tunapochangia madawati ya kanisa, tusisahau mkeka wa darasa la awali. Na katekista anayewafundisha watoto Ishara ya Msalaba ahakikishe kwamba wanajua wanachosema, si sauti tu.

Utataka kujua habari za yule mtoto wa maji. Yule mwalimu binti alikuwa na akili njema na moyo mnyenyekevu. Alimwomba mama mpika uji aingie darasani kila Ijumaa, uji ukisha kupoa, asimulie hadithi moja kwa Kimakonde. Mwalimu mwenyewe aliketi mkekani na watoto, asielewe kitu. Hadithi ikiisha watoto walimweleza yeye, kwa Kiswahili, kila mmoja kwa maneno aliyo nayo, mmoja akikwama mwingine akimalizia. Watoto walifurahi mno kumfundisha Mwalimu. Kisha yeye aliandika sentensi moja ya hadithi ubaoni, wakaisoma pamoja. Yule msichana hakugeuka kuwa wa kwanza darasani, sitakudanganya. Lakini kabla ya mwaka kwisha alisimama, akasema kwa Kiswahili kwamba sungura alikuwa mwongo, na alipokosea neno alicheka mwenyewe. Sasa anasoma. Bibi yake humwita jioni amsomee gazeti hili, na ninajua kuna mahali anapotafsiri kwa Kimakonde, maana nimewasikia nikipita.

Na yule wa dole gumba? Nilichelewa sana, lakini nilimwendea nyumbani kwake. Nilikuta amekaa chini ya mkorosho, akitengeneza mpini wa jembe. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa jambo la zamani. Alinitazama kitambo. Akasema, "Mwalimu, siku ile nilitaka kukuambia tumbo linaniuma. Nilikuwa nimekula maembe mabichi." Nikamwambia, "Najua. Nilikusikia." Akanyamaza tena. Hilo alikuwa halijui, kwamba nilimsikia. Nikaona uso wake ukibadilika, nami nikaona haya kuliko siku yo yote ya maisha yangu.

Mwisho akasema, "Yamepita, Mwalimu. Ila mjukuu wangu huyu anaanza shule Januari. Kwetu hapa twasema Kimakonde tu. Msimvike kibao."

Nimemwahidi. Lakini mimi ni mzee, wala siku hizi sina darasa. Ndiyo sababu nimekuandikia wewe, msomaji. Vibao vile vya mbao sisi tuliviacha zamani; vya maneno bado vipo, navyo ni kicheko, na "bubu", na "huyu ni mzito". Januari watoto watapita tena katika malango ya shule zetu, hapa Chiwata, Masasi, Newala na kila mahali, kila mmoja amebeba lugha ya bibi yake. Wapokeeni pamoja na mzigo wao.

Mungu atubarikie nyumba zetu na shule zetu.